Kikohozi cha Shuisheng

Katika chekechea yetu ya Qiaotou, somo la wageni ni somo ambalo watoto wamelifanya mpaka wamelichoka, kisha siku yenyewe ikifika wanalifanya tena kana kwamba ndiyo mara ya kwanza. Wageni wanajua. Wageni wenyewe ni walimu kutoka chekechea nyingine za wilaya, na huko kwao wana watoto wao waliowafundisha kushangaa. Hata hivyo wanakaa nyuma ya ukumbi kwenye vile viti vidogo, magoti yakikaribia kidevu, wanaandika na kutikisa vichwa. Mimi nimepiga kinanda katika masomo hayo tangu nywele zangu zilipokuwa nyeusi bila kupakwa dawa, na sijaona mgeni hata mmoja akiuliza imekuwaje watoto wanaujua wimbo kabla hawajafundishwa.

Msimu ule zamu ilimwangukia Ji Wanru, mwalimu wa darasa la kati. Wanru alikuwa mwalimu wa mkataba. Alifanya kazi ile ile ninayoifanya mimi, akapangusa kamasi zile zile, ila kila kiangazi alikuwa hajui kama vuli itamkuta pale. Sasa wilaya ilikuwa imetoa nafasi moja ya ajira ya kudumu. Mwisho wa kuiomba ni miaka thelathini na mitano, naye alikuwa anaupita umri huo kabla ya mwaka mpya. Alama za somo la wageni ndizo zingeamua. Akikosa hapo, amekosa moja kwa moja, na yeye alilijua hilo kuliko mtu yeyote, maana alikonda mpaka sketi ikawa inamzunguka kiunoni.

Alichagua mchezo wa kusaga soya. Hakuna mtu Qiaotou ambaye bibi yake hakumchezesha mchezo huo. Mnakaa chini mkitazamana, nyayo kwa nyayo, mnashikana mikono, mmoja anasukuma na mwingine anavuta, mnakwenda mbele na nyuma kama wasagaji wawili wa jiwe moja. Wanru, nimpe haki yake, alikuwa na kipaji. Mchezo wa sakafuni kwa bibi aliufanya kuwa ngoma ya mwili mzima. Watoto walianza wakiwa wamejikunja kama soya zilizolala majini, wakavimba taratibu mpaka wakasimama, wakaketi wawili wawili wakasaga, halafu wakawa povu, wakainuka kwa ncha za vidole na kumwagikia ukumbi mzima. Mtoto wa miaka minne ukimwambia ainue kisigino anakuuliza kwa nini. Ukimwambia yeye ni povu, anainua mwenyewe. Na wimbo ulikuwa ule ule wa kwetu:

*Sukuma jiwe, vuta jiwe,*
*soya ilowe, soya isagwe;*
*povu jeupe, chungu pomoni,*
*na mgeni wetu yuko mlangoni.*

Shida ilikuwa mtoto mmoja tu, Bian Shuisheng. Wenzake wakivuta, yeye alikuwa anasukuma. Hakuwa mtundu. Alimwangalia kwanza mwenzake anafanya nini, akalifikiria jambo lenyewe, akakubaliana nalo, ndipo akalifanya, na wakati huo mwenzake alishahamia jambo lingine. Watoto wote walimkataa ila Qiao Yinyin, msichana mwenye maneno mengi na subira ya ajabu. Yinyin alikuwa anamngoja. Alimwambia "haya, sasa" kila waliposukuma, "haya, sasa" kila walipovuta, wakawa wanachelewa wote wawili, nao wanacheka. Ukikaa mbele ya ukumbi uliona safu nzuri ya watoto ikienda pamoja, na katikati yake jozi moja inarudi wenzao wanapokwenda, kama jino lililoota kombo.

Na hakuna aliyeupenda mchezo ule kama Shuisheng. Wazazi wake walikuwa wanafanya kazi mbali, Suzhou, na yeye alilelewa na babu yake, mzee mfuga bata. Kila jioni alimketisha mzee sakafuni, na mgongo wake unaouma, wakasaga soya mpaka chakula kikapoa.

Katika mazoezi Wanru aliwafundisha pia kujibu. Alikuwa na sauti maalumu kwa kazi hiyo, laini, inayopanda mwishoni, na kichwa kinainama kidogo upande. Akiuliza kwa sauti hiyo kama wimbo huu wamewahi kuusikia, watoto wajibu hapana. Mara ya kwanza Shuisheng alisema ndiyo, jana. Watoto wakamcheka. Wanru akamweka kando na kumweleza kwa upole kwamba Mwalimu akiuliza hivi, jibu lake ni lile tulilojifunza. Shuisheng alifikiri, akakubali. Tangu hapo alijibu vizuri kabisa, ila peke yake, wengine wakishamaliza: "Hapana, Mwalimu."

Siku moja kabla ya wageni, Mkuu Teng alikuja kuangalia zoezi la mwisho. Ndani ya ukumbi alipiga makofi na kusifu. Tulipotoka kwenye ujia alisimama akatazama nje dirishani.

"Yule mtoto wa Bian naona kama ana homa homa," alisema.

"Hana, Mkuu," Wanru akajibu. "Asubuhi amepimwa getini kama wengine."

"Kesho atakuwa nayo."

Wanru akasema kwamba Shuisheng akibaki nyumbani, Yinyin hatakuwa na wa kusaga naye, na mtu hasagi peke yake. Mkuu alishalifikiria hilo. Alinigeukia mimi na kuniambia nimwazimie mtoto mmoja kutoka darasa langu la wakubwa, mwenye umbo dogo. Nikamtoa Junhao. Junhao ni mtoto wa kuazimwa. Alishaazimwa somo la hesabu, akaazimwa somo la kupanda vitunguu, na kote alishangaa vizuri. Mkuu akasema avae aproni ya Shuisheng, maana zilishonwa kwa idadi ya watoto wa darasa, kila moja na picha ya ganda la soya kifuani, na mtu bila aproni angeonekana.

Mkuu alipoondoka Wanru alinifuata kwenye kinanda.

"Dada Gu, ungekuwa wewe ungefanyaje?"

"Mimi nina ajira," nilimwambia. "Usiniulize."

Saa ya kuchukuliwa watoto ilipofika nilikuwa karibu na geti, nikasikia alivyolieleza jambo lile. Alimwambia mzee Bian kwamba Shuisheng ameonekana kuchoka, mashavu yana joto, pengine kesho apumzike nyumbani. Bibi yeyote wa Qiaotou angeelewa. Mwalimu akikwambia mtoto apumzike, na geti limepakwa rangi mpya na maua yamepangwa njiani, hazungumzii afya. Bibi angemshika mjukuu mkono, angekwenda kulalamika kwa majirani, na kesho mtoto angekuwa mbele ya televisheni. Lakini mzee Bian alikuwa mtu wa bata. Ukimwambia kitu alikiamini. Aliweka kiganja kwenye paji la Shuisheng, akakiweka kwenye paji lake mwenyewe, akarudia, uso ukamwiva kwa wasiwasi. Akamshukuru Wanru kwa kumwangalia mtoto wake, akainama, akampakia mjukuu kwenye baiskeli yake ya magurudumu matatu na kumfunika kwa koti lake. Wanru alisimama akiwatazama mpaka walipokata kona. Nilimwonea huruma.

Siku ya somo wageni walijaa. Wanru alivaa sketi ya bluu iliyopigwa pasi na uso usio na usingizi. Akauliza kwa sauti ile kama wimbo huu tumewahi kuusikia, na darasa zima likasema "Hapana, Mwalimu!" kwa nguvu iliyomfanya mgeni mmoja atabasamu kwenye daftari lake. Jibu lilikuja mara moja, bila mkia. Soya zikalala, zikavimba, zikasimama. Wakakaa wawili wawili. Junhao alisukuma na kuvuta barabara, na mbele yake Yinyin alikwenda sawasawa na wengine, mdomo umefungwa. Safu ilikuwa nzuri kweli. Wageni walianza kuchezesha vichwa kufuata kinanda.

Yaliyokuwa yakitendeka nje nilikuja kuyasikia baadaye kwa mlinzi wa geti. Mzee Bian alifika zahanati kabla haijafunguliwa. Daktari alimtazama Shuisheng koo, akamsikiliza kifua, akampima joto, akasema mtoto mzima huyu, mpeleke akacheze. Na mtoto alikuwa amelia tangu alfajiri kwamba jiwe litasagwa bila yeye. Kwa hiyo mzee alipiga pedali kama kijana. Pale getini alimtangazia mlinzi kwa furaha kwamba hana homa, hana kitu, na mlinzi, ambaye hakuna aliyemwambia lolote, akafungua. Shuisheng hakungoja kushikwa mkono. Alikimbia.

Sisi ndani tulikuwa tumefika mstari wa nne. Watoto wakaimba *na mgeni wetu yuko mlangoni*, na mlango ukafunguliwa, na hapo mlangoni akasimama Bian Shuisheng, anahema, shati limetoka nje ya suruali.

Wageni walicheka kwa raha. Walidhani limepangwa. Nami ningekuwa upande wao ningedhani hivyo hivyo, na ningetoa alama. Niliacha kupiga. Wanru angeweza kusema karibu mgeni wetu, akamketisha mahali popote, akakaa naye yeye mwenyewe nyayo kwa nyayo, na hakuna mtu katika ukumbi ule ambaye angeona kosa. Lakini Junhao alikuwa amevaa aproni ya Shuisheng, naye mwenyewe alikuwa ameshaiona. Alikuwa anaitazama. Yinyin aliondoa nyayo zake kwenye nyayo za Junhao na kufungua mdomo, na Yinyin akifungua mdomo husema kila kitu.

Wanru alimwahi. Alivuka ukumbi haraka, akachuchumaa mbele ya Shuisheng, akamshika mabega.

"Shuisheng, umekuja na wewe unaumwa?"

"Siumwi. Daktari kasema..."

"Shuisheng." Ilikuwa sauti ile, laini, inayopanda, na kichwa kimeinama upande. "Unaumwa, sivyo?"

Shuisheng alimtazama. Alilifikiria jambo hilo kwa mwendo wake. Ukumbi mzima ulimngoja, wageni na kalamu zao, mimi na mikono yangu magotini. Nilimwona alipofika kwenye jibu, maana uso wake ulitulia. Alijua maswali ya namna hiyo. Akakohoa.

Kilikuwa kikohozi kidogo, cha adabu. Kisha, kama mtu anayeogopa hakusikika, akakohoa tena.

Wanru akasimama akawageukia watoto. Akawaambia mwenzetu anaumwa na bado amekuja kutuona, je, tumpe nini? Mtoto mmoja akasema maziwa ya soya ya moto. Basi tumsagie, akasema Wanru, na akamleta Shuisheng kwenye kiti kidogo kando ya kinanda changu. Nikapiga. Wakasaga upya, safari hii kwa ajili ya mgonjwa, polepole na kwa makini, wakawa povu, wakachota maziwa kwa viganja na kumletea mmoja baada ya mwingine. Shuisheng alikunywa kwenye kila kiganja. Alimshukuru kila mtu. Alimshukuru hata Junhao, ambaye alimwinamia akiwa na ganda la soya kifuani. Yinyin alikuja wa mwisho, akasimama mbele yake mikono imening'inia, hakumletea kitu. Mimi nilikasirika, sijui nilimkasirikia nani, na vidole vyangu viliendelea kupiga kama vilivyozoea.

Kwenye safu ya wageni mama mmoja alikuwa anapangusa macho.

Kwenye kikao cha baadaye kiongozi wao alisema mengi, nami nimesahau mengi. Hili nalikumbuka. Alisema somo zuri la ngoma anaweza kulitayarisha yeyote mwenye bidii, lakini mtoto mgonjwa akiingia ghafla, hapo ndipo unamwona mwalimu. "Mengine yote yanafundishika," alisema. "Lile halifundishiki." Mkuu Teng alitikisa kichwa kwa unyenyekevu, kama mpishi aliyesifiwa chakula cha mtu mwingine.

Wanru alipata ajira. Siku jina lake lilipobandikwa alijifungia kwenye stoo ya vifaa, kati ya mipira na matari, akalia. Nilidhani ni furaha. Nilipomgongea alifungua akaniambia, "Dada Gu, ningemketisha na mimi, sivyo? Sketi tu ndiyo ingechafuka." Alinawa uso, akaenda kuwafunga watoto kamba za viatu.

Baada ya wiki kadhaa mzee Bian alikuja getini na kikapu cha mayai ya bata ya chumvi, akataka kumwona Mwalimu Ji. Alisema Shuisheng sasa anakohoa. Usiku halali vibaya, kula anakula, lakini jioni mzee akikaa sakafuni na kunyoosha miguu ili wasage soya, mtoto anakohoa. Anamchemshia pea na sukari ya mawe, dawa ya kikohozi, kila siku, na kikohozi hakijaacha. Daktari bado anasema haoni kitu.

"Lakini wewe uliliona, Mwalimu," mzee alimwambia, akimsukumia kikapu. "Uliliona hata kabla ya daktari. Mungu akupe nini."

Wanru alikipokea kikapu. Angefanyaje? Kukikataa kungehitaji maelezo. Mayai alitugawia sisi, yeye hakula hata moja.

Mwaka mpya ukapita, wazazi wa Suzhou wakaja na kuondoka, watoto wakarudi wamevimba mashavu kwa vyakula. Wanru alirudisha mchezo wa soya kwenye ratiba, bila wageni, bila aproni, asubuhi ya kawaida. Aliniomba nikapige. Nilipoanza mstari wa kwanza, watoto walikimbilia wenzi wao, na Shuisheng akainuka, akachukua kiti kidogo ukutani, akakileta mpaka kando ya kinanda, akakaa. Hakununa. Alikaa kama mtu anayejua nafasi yake kwenye ngoma. Yinyin alimwita kwa jina, akamwita tena, halafu akaenda kusaga na mtoto mwingine, na waliposukuma sikumsikia akisema "haya, sasa".

Wanru alininyooshea mkono niache kupiga. Alivua viatu. Akaja mpaka mbele ya kile kiti, akakaa sakafuni na sketi yake, akanyoosha miguu, nyayo zikamwelekea Shuisheng.

"Shuka tusage," alimwambia. "Mimi na wewe. Nitakungoja."

Shuisheng alitazama nyayo zake.

"Huumwi, Shuisheng." Niliona anavyojitahidi kuisema kwa sauti ya kawaida, ya kumwambia mtu mvua imekatika. Lakini sisi walimu wa watoto wadogo sauti zetu zimeshapinda, hazinyooki tena, na mwishoni ikapanda. "Huumwi tena, sivyo?"

Mtoto akainua macho, akamchunguza usoni, akitafuta ni swali la namna gani. Wanru alinipa ishara kwa kichwa. Nilianza wimbo upya, taratibu sana, kwa mwendo ambao hata mtoto yule angeuwahi, na pigo la kwanza lilipoanguka, Shuisheng akakohoa.

Nimepiga kinanda maisha yangu yote, pigo nalijua. Hakuchelewa hata kidogo. Kisha akajiweka vizuri kitini, akaunganisha viganja vyake, akangoja aletewe maziwa.